Nina miaka 47: niache uhasibu nifundishe piano?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 47 na nimekuwa mhasibu kwa miaka 22. Nilianza piano nikiwa na miaka saba, nikafaulu mtihani wa piano wa gredi ya nane, ile ya juu kabisa, nikiwa na miaka 18, na tangu hapo napiga nyumbani tu, karibu kila jioni. Kila nikifunga hesabu za mwezi najiuliza kama nitastaafu bila kufanya kitu ninachokipenda. Nataka kuacha kazi mwisho wa mwaka huu nifundishe piano nyumbani kwangu, watoto na watu wazima. Mume wangu ananiunga mkono lakini ana hofu. Je, umri umeniacha? Nahitaji kwanza shahada ya muziki? Na mtu anaweza kweli kuishi kwa kazi hii?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umri haujakuacha, shahada si lazima, na watu wanaishi kwa kazi hii. Mimi ni mmoja wao tangu nilipoacha kazi ya maabara nikiwa na miaka 41. Hata hivyo nakuomba usiache kazi mwisho wa mwaka huu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kuna kitu nilikitafuta nisikione: hakuna mahali unaposema umewahi kumfundisha mtu. Umeeleza vizuri sana unavyopenda kupiga. Kupiga na kufundisha ni kazi mbili, na nimewajua wapigaji hodari waliochoshwa na ile ya pili kabla hata muhula haujaisha. Wewe bado hujui uko upande gani, na jambo hilo halijulikani kwa kufikiri. Linajulikana kwa kukaa kando ya mtoto wa miaka minane anayekosea mahali palepale kwa wiki ya nne mfululizo, ukajisikia mwenyewe: una hamu ya kujua kwa nini anakosea, au unasubiri saa iishe?

Kwa hiyo tafuta wanafunzi watatu sasa hivi, ukiwa bado na mshahara. Mmoja awe mtoto anayeanza kabisa. Wa pili awe mtu mzima anayeanza. Wa tatu awe aliyekwisha kujifunza kidogo kwa mwalimu mwingine na kuachia njiani. Hao watatu watakufundisha kazi nzima, na hawatazidi jioni mbili za wiki yako. Watoze ada, hata kama ni ndogo, kwa sababu somo la bure halikuonyeshi lolote kuhusu kazi. Mzazi asiyelipa hughairi bila wasiwasi, na wewe unashindwa kumwambia kitu.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa mvulana wa miaka tisa. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa mimi. Akianza tu kupiga, namwambia akae wima, akunje vidole, ahesabu, aangalie noti asiangalie mikono. Maagizo manne kwa pumzi moja, na yote sahihi. Baada ya wiki nane mama yake akaniambia kwa upole kwamba siku ya somo mtoto anajificha. Hakurudi tena. Nilichukua muda mrefu kukubali kwamba kosa lilikuwa langu, maana kila nilichomwambia kilikuwa kweli. Mtoto ana nafasi ya kushika jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kazi ya mwalimu ni kuchagua lipi, na kuyanyamazia yale mengine matatu hata kama yanamwasha masikioni. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote kwetu tuliotoka kwenye kazi ambazo kosa likionekana lazima lisahihishwe papo hapo. Mhasibu akiliacha kosa amefanya vibaya. Mwalimu wa piano huliacha kosa kwa makusudi, analiandika kwenye daftari lake, kisha analirudia baada ya wiki tatu, mkono wa mtoto ukiwa tayari.

Jambo la pili utakalojifunza ni kwamba kosa unalolisikia si mahali lilipozaliwa. Mtoto anajikwaa kwenye kipimo cha nne, yaani kile kipande kifupi cha wimbo kati ya mstari wima mmoja na mwingine. Mwalimu mgeni anamrudisha hapohapo, mara kumi, naye anajikwaa mara kumi. Ukitazama mkono badala ya kusikiliza noti, utaona kwamba katika kipimo cha tatu alitumia kidole cha pili mahali pa cha tatu, vidole vikamwishia njiani. Ukirekebisha kidole hicho kimoja, kipimo cha nne kinapona chenyewe. Wewe unayepiga kwa miaka 40 umeshasahau kwamba vidole huchaguliwa, kwa kuwa vyako hujichagua. Ndiyo maana ustadi wako unaweza kukuzuia: huoni tena hatua ambazo mwanafunzi hajazipanda.

Chopin aliliona hili vizuri kuliko wengi. Watu wanamkumbuka kama mtunzi, lakini katika miaka yake ya Paris, kuanzia 1831 hadi alipofariki mwaka 1849, riziki yake ilitoka kwa sehemu kubwa katika masomo ya faragha. Matamasha ya hadhara alifanya machache mno. Mwanafunzi wake hakuanzia skeli (ngazi ya noti zinazofuatana) ya C meja, ambayo karibu sisi sote tunaanzia kwa sababu haina funguo nyeusi na ni rahisi kuisoma. Chopin alianzia B meja, yenye funguo nyeusi zote tano. Kwa nini? Kwa sababu aliutazama mkono kwanza. Vidole virefu vya katikati hukaa vyema juu ya funguo nyeusi zilizoinuka, na kidole gumba kilicho kifupi hubaki kwenye zile nyeupe. C meja ni nyepesi kwa macho lakini ni ngumu kwa mkono, naye aliiweka mwisho. Sikuambii uwaanzishie watoto wote B meja. Nataka uone namna anavyofikiri mwalimu: anauliza jambo hili ni gumu kwa nani na kwa kiungo gani, hata kama kwake yeye halijawahi kuwa gumu.

Sasa nije kwenye mazoezi, ambako walimu wengi wapya hupotea kabisa. Wiki ina saa 168. Wewe utakuwa na mwanafunzi nusu saa. Yanayotokea katika siku sita zinazobaki ndiyo yatakayoamua kama ataendelea, na hizo siku wewe hupo. Mfaransa François Couperin, katika kitabu chake cha mwaka 1716 kuhusu upigaji wa kinanda cha hapsikodi, alishauri kwamba watoto wanaoanza wasifanye mazoezi mwalimu akiwa hayupo. Yeye mwenyewe alikuwa akikifunga kinanda na kuondoka na ufunguo, wasije wakaharibu kwa dakika chache alichowawekea kwa robo tatu ya saa. Leo hakuna mzazi atakayekubali hilo, lakini hofu yake ilikuwa ya haki. Mtoto anayerudia kosa siku sita anarudi kwako akiwa amelifanyia mazoezi vizuri sana.

Dawa yake ni kutumia sehemu kubwa ya somo kumfundisha namna ya kufanya mazoezi. Mwachie vipimo viwili tu, si ukurasa mzima. Afanye mazoezi hayo mbele yako kama atakavyofanya nyumbani: mkono mmoja, polepole, mara tatu bila kosa, kisha apumzike. Wewe kaa kimya utazame. Utashangaa. Wengi wakiambiwa wafanye mazoezi huanza mwanzo wa wimbo, wanapiga hadi wanapokosea, wanarudi tena mwanzo. Hakuna aliyewaonyesha kwamba unaweza kuanzia katikati. Shinichi Suzuki, Mjapani aliyeanza kufundisha violini katika mji wa Matsumoto mwaka 1946, aliwaingiza wazazi ndani ya darasa ili wawe walimu wa nyumbani, na akataka watoto wasikilize rekodi za nyimbo kila siku kabla ya kuzipiga, kama mtoto anavyosikia lugha kabla ya kusema. Si lazima ufuate njia yake yote. Mimi nimechukua hayo mawili, na kwa watoto walio chini ya miaka minane siwapokei bila mzazi kukaa nao.

Kuna zoezi jingine nalokusihi ulifanye mwaka huu: jifunze ala usiyoijua kabisa. Chelo, filimbi, chochote kile, kwa miezi sita, kwa mwalimu, ukilipa ada. Nilipofikisha miaka 44 nilianza violini, na katika somo la kwanza nilikaribia kulia kwa aibu. Mkono ulikataa kunitii na mwalimu aliongea haraka. Nilirudi nyumbani nikawatazama wanafunzi wangu kwa macho mengine. Kitabu cha ualimu hakiwezi kukupa hisia ile.

Sasa pesa. Wewe ni mhasibu, kwa hiyo nitakupa hesabu bila kuipamba. Kosa ninaloliona kwa kila anayetaka kuingia kazi hii ni kuchukua mshahara wake, kuugawa kwa saa 40 za wiki, kisha kusema: nikitoza kiasi hiki kwa saa, nitakuwa palepale. Sivyo. Watoto wako shuleni mchana, na watu wazima wengi wako kazini. Saa unazoweza kuuza ni za kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, siku nne au tano, na Jumamosi asubuhi. Ukijaza vizuri utapata saa 18 za kufundisha kwa wiki. Kisha toa likizo za shule, sikukuu, magonjwa na siku ambazo hakuna atakayekuja, mwaka unabaki na wiki kama 38. 18 mara 38 ni saa 684. Mwajiri wako anakulipa saa 2,080 kwa mwaka, likizo zikiwemo. Kwa hiyo ada yako ya saa moja itabidi iwe karibu mara tatu ya malipo yako ya saa ya sasa, na hapo hujaweka bima ya afya, akiba ya uzeeni, kodi ya mapato na gharama za piano yenyewe. Usiogope tofauti hiyo, ila iangalie uso kwa uso pamoja na mume wako. Hofu yake nadhani inatoka hapa, na ana haki ya kuonyeshwa tarakimu kabla ya kuambiwa aamini.

Hizo saa 18 zinaweza kuwa, kwa mfano, wanafunzi 12 wa nusu saa, wanane wa dakika 45 na sita wa saa nzima. Hao ni watu 26, na kila mmoja unahitaji kumkumbuka alipoachia wiki iliyopita. Ongeza saa sita au saba za kuandaa, kuandikiana na wazazi na kutafuta nyimbo. Si kazi ya kujazia muda. Na hutawapata 26 mwaka wa kwanza. Mimi nilipata tisa, na mwaka wa tatu ndipo nilipofika 20. Weka akiba ya kukufikisha huko. Kwangu kila mwaka huondoka wanne au watano, wengine kwa kuhama, wengine kwa mitihani ya shule, wengine kwa kuchoka tu, kwa hiyo kutafuta wapya hakukomi.

Saa zako za asubuhi zitabaki wazi, na hapo umri wako unageuka kuwa mtaji. Wapo watu waliostaafu, wafanyakazi wa zamu za usiku na wazazi ambao watoto wao wameanza shule, waliotamani piano maisha yao yote na wanaona haya kufundishwa na kijana wa miaka 22. Watakuja kwako. Mtu mzima anayeanza si mtoto mkubwa. Anaelewa haraka kuliko vidole vyake vinavyoweza kufuata, na umbali huo kati ya kichwa na mkono unamuumiza. Anaomba radhi kila akikosea. Mpe mapema wimbo anaoujua, mfupi, unaosikika kama muziki halisi, na usimharakishe. Wanafunzi wangu waaminifu kuliko wote wamekuwa hawa.

Kuhusu makubaliano, andika karatasi moja kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuingia mlangoni. Ada ilipwe kwa muhula au kwa mwezi, mbele, isilipwe kwa kila somo. Asiyekuja bila taarifa ya saa 24 hafidiwi somo, na wewe ukighairi, unafidia. Niliona vibaya kuyasema haya mwanzoni, nikaishia kufundisha masomo ya fidia siku za Jumapili na kuwachukia watu ambao hawakuwa na kosa lolote, kwa kuwa sikuwahi kuwaambia. Mzazi mwenye nia njema anapenda kujua mpaka uko wapi. Asiyeupenda ataondoka mapema, na afadhali iwe hivyo.

Shahada: mahali pengi ualimu wa muziki wa binafsi hauhitaji leseni wala shahada. Yeyote anaweza kutundika kibao. Hilo linamaanisha pia kwamba hakuna atakayekuzuia kuwaharibu watu, kwa hiyo jiwekee kipimo mwenyewe. Miaka mitatu au minne ya shahada ya upigaji itakuongezea uhodari wa kupiga, ambao tayari unao wa kutosha kwa wanafunzi wa miaka mitano ya mwanzo. Kinachokupungukia ni ualimu. Bodi za mitihani kama ABRSM, iliyoanzishwa London mwaka 1889, zina diploma za ufundishaji ambazo mtu anajiandaa huku akifundisha, na hizo naziona zinakufaa zaidi, baada ya mwaka mmoja wa kuwa na wanafunzi. Kabla ya hapo hata hutajua uulize nini. Kwa sasa mwombe mwalimu mzoefu akuruhusu ukae kwenye kona ya chumba chake jioni moja kwa wiki, utazame. Wengi watakubali ukiomba kwa heshima na ukikaa kimya. Mtazame hasa anapomfundisha mwanafunzi ambaye hakufanya mazoezi.

Na usidharau nadharia na kusikiliza. Mwanafunzi wako atakuuliza kwa nini noti fulani inasikika vibaya, na "kwa sababu kitabu kimesema" si jibu. Kama huwezi kusindikiza wimbo rahisi kwa masikio, bila karatasi, anza kujifunza leo. Wengi tuliolelewa na mitihani ya gredi tuna pengo hilo.

Mengine niyataje kwa haraka. Piano yako ipangwe sauti na fundi mara mbili kwa mwaka. Ina nyuzi zipatazo 230 na mbao zake huvimba na kunywea kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, na sikio la mtoto linajifunza kutoka kwa kile kinachosikika hapo. Chumba cha somo kiwe na mlango ulioachwa wazi au wenye kioo, na mzazi awe huru kuingia wakati wowote. Ukiombwa cheti cha polisi cha tabia njema, kitoe kwa furaha, au kitoe kabla hujaombwa. Usimguse mtoto mkono ili kuurekebisha bila kumwomba ruhusa. Onyesha kwa mkono wako, mara nyingi inatosha.

Masomo ya mtandaoni yanawezekana, lakini hamtaweza kupiga pamoja. Sauti ikichelewa zaidi ya takriban sehemu 30 kati ya 1,000 za sekunde, wapigaji huanza kuvutana, na intaneti ya kawaida huchelewa kuliko hapo. Tena programu nyingi za mikutano huchukulia sauti ndefu ya ala kuwa kelele na kuizima, kwa hiyo tafuta mahali pa kuondoa uchujaji huo kwenye mipangilio kabla hujamlaumu mwanafunzi kwa kukatisha noti. Mimi hutumia mtandao kwa watu wazima waliokwisha anza. Kwa mtoto wa mwanzo sipendi, kwa kuwa siuoni mkono wake vizuri.

Kuna gharama moja ambayo haimo kwenye hesabu, nayo ni jioni zenu. Saa utakazofundisha ndizo saa familia yako itakapokuwa nyumbani, na piano itakuwa inalia sebuleni, wimbo uleule, vibaya, mara nyingi. Sasa unapiga kila jioni kwa raha yako. Ukiwa mwalimu, saa mbili usiku masikio yamejaa na huna hamu ya kufungua kifuniko. Miaka miwili ya kwanza nilikaribia kuacha kupiga kabisa. Kilichoniokoa ni kuhamishia mazoezi yangu asubuhi, saa moja kabla ya jambo lolote lingine, na kukataa kuiuza saa hiyo hata kwa mwanafunzi mzuri. Panga yako tangu mwanzo.

Lini basi uache uhasibu? Ukiwa na wanafunzi wanane wanaolipa ada kamili na ambao hawakuanza kwa undugu wala urafiki, ukiwa na akiba ya mwaka mmoja wa matumizi, na ukiwa umepita angalau likizo moja ndefu ya shule ukaona mapato yanavyokauka. Kabla ya hapo muulize mwajiri kama unaweza kupunguza siku. Mhasibu wa siku tatu kwa wiki ni mtu anayetafutwa, na miaka miwili ya kuwa na mguu huku na mguu kule haitakupotezea chochote.

Anza na wale watatu. Baada ya miezi mitatu niandikie tena, na unieleze kwanza habari za yule aliyekushinda: alikwama wapi, ulijaribu nini, na mkono wake ulikuwaje alipokuwa akikosea.